Kamongo: ni samaki, nyoka au nini?

Ukikaa kwenye mwalo wa Kisorya wavu ukitoka na kamongo, ubishi hauchelewi. Huyu anasema ni samaki, yule anasema ni nyoka wa majini, hali.

Ubishi una sababu. Kamongo ni mrefu, na mapezi yake manne yamebaki kama nyuzi. Ana mapafu mawili, na matamvua yake ni madogo, hayamtoshi kupumua. Wavu ukimzuia chini asipande kuvuta hewa, anakufa maji akiwa ziwani.

Hata wataalamu walibishana. Mwaka 1837, Fitzinger wa Vienna alimwandika ndugu wa kamongo aliyetoka Brazili, na hakumhesabu kuwa samaki. Mwaka 1839, Richard Owen wa London alimchunguza kamongo wa Afrika, akasema ni samaki.

Mawe yenye mabaki ya mababu wa kamongo, ya zaidi ya miaka milioni 350, yanaonyesha mapezi mapana na magamba mazito. Vizazi kwa vizazi vitu hivyo vilipungua. Lakini kupoteza kitu hakumtoi kiumbe kwenye ukoo wake. Mtoto aliyekulia mjini asijue Kijita bado ni wa ukoo wa babu yake.

Nyoka naye ni hivyo hivyo. Hana miguu, lakini yumo kwenye ukoo mmoja na mjusi, kwa sababu mababu zake walikuwa na miguu. Chatu bado ana vijikucha viwili karibu na mkia, masalia ya miguu ya nyuma.

Kwa hiyo leo wataalamu hawaulizi tu kiumbe amekosa nini. Wanauliza ametokana na nani. Na hapo kuna la kushangaza: kwa ukoo, kamongo yuko karibu zaidi na ng'ombe, na hata na wewe, kuliko alivyo karibu na sato. Samaki tunamwita, na si kosa, ila yeye si nyoka.

Jambo hili lina maana kwetu. Kamongo hula konokono, na baadhi ya konokono wa ziwani ndio hubeba vimelea vya kichocho. Dume hulinda mayai na watoto kwenye kiota ndani ya mafunjo. Tukifyeka mafunjo yote ya ufukweni, tunamvunjia nyumba. Na tukimuua kwa kumdhania nyoka, tunamuua aliyekuwa akitusaidia.