Kioo cha Gari na Simu ya Dereva

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma, akiisha kuipita Magu huku maji ya Ghuba ya Speke yakimfuata upande wa kushoto, hufika Lamadi, mji wa wilaya ya Busega katika Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012, mahali ambapo njia hugawanyika: moja ikashika kulia kwenda Bariadi, mwendo wa kilomita zipatazo 72, na nyingine ikaendelea mbele kulipita lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, kisha Bunda, hata mpaka wa Sirari. Penye njia panda hiyo magari hayakatiki, na aghalabu ya yale madogo yalikwisha kutumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Mtu akichungulia ndani ya mengi ya magari hayo ataona katikati ya dashibodi kioo kipana, kilichotiwa na waundaji kwa gharama si haba ili kimwonyeshe dereva njia, ambacho tangu kuvuka bahari hakijapata kumwonyesha mtu yeyote njia yoyote.

Sababu zake hazina fumbo. Ramani iliyomo ndani ya chombo hicho, katika diski au kadi ndogo ya kumbukumbu, ni ya visiwa vya Japani peke yake. Maandishi yake ni ya Kijapani. Na baadhi ya redio zenye vioo hivyo, betri ya gari ikichomolewa mara moja tu, hujifunga na kudai kadi ile ile ya asili, ambayo mara nyingi ilikwisha kupotea kabla gari halijapakiwa melini. Hata kusikia zinasikia nusu: masafa ya FM ya Japani yalipangwa tangu zamani kati ya megahezi 76 na 90, na baadaye yakasogezwa hadi 95, ilhali stesheni zetu hurusha kati ya 88 na 108, basi msikilizaji hubakiwa na ukanda mwembamba wa idhaa, mpaka fundi atie baina ya antena na redio kijisanduku cha kuyashusha masafa yetu yapate kuingia katika yale ambayo redio inayafahamu.

Dawa ya maradhi haya ilipatikana pale waundaji walipokubali kwamba kioo cha gari hakilazimiki kuwa na akili yake mwenyewe, maadamu dereva amebeba mfukoni simu yenye akili ya kutosha, ambayo huibadilisha kila baada ya miaka michache, ilhali gari lake huenda likaishi miaka ishirini au zaidi. Mwezi Machi 2014, katika maonyesho ya magari ya Geneva, kampuni ya Apple ilitangaza CarPlay. Mwezi Juni mwaka huo huo Google nayo ikatangaza Android Auto, iliyoanza kutumika mwaka 2015. Mintarafu ya namna zinavyofanya kazi, hizi mbili ni ndugu. Simu ndiyo isomayo ramani, ndiyo ikokotoayo njia, ndiyo ipigayo muziki. Kisha huyachora hayo yote kuwa picha, ikazibana picha hizo zikawa mkondo wa video, ikazipeleka kwenye kioo. Na dereva akigusa kioo, kirudicho simuni ni habari ya mahali kidole kilipogusa, basi. Kioo ni kama ubao wa darasani, ambao hesabu huandikwa juu yake nao haujui hesabu. Kwa hiyo ramani za Google zilipoanza kutumia Kiswahili mwaka 2018, haikumpasa mwenye gari kununua kioo kipya ili aone mabadiliko hayo. Yalimfikia kwa njia ya simu.

Ni kweli kwamba vile vioo vya kale vya Kijapani vingi havina mlango wa kupokelea hayo, na ndiyo maana wenye magari huving'oa wakatia redio mpya, nyingi zikiwa za China. Hata baada ya hapo kuna jambo dogo linalowahangaisha watu bure. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne ndani yake, mbili za umeme na mbili za kupitisha habari. Lakini waya nyingi za bei nafuu zinazouzwa stendi zimetengenezwa kwa kuchaji tu, zile nyuzi mbili za habari hazimo kabisa. Simu hujaa chaji vizuri, kioo kikabaki kimya, na mwenye gari akadhani ameuziwa redio mbovu. Kwa wale wasiotaka waya, Bluetooth huzijulisha simu na redio moja kwa nyingine, kisha kazi nzito ya kubeba picha hukabidhiwa waifai, kwa kuwa Bluetooth haina upana wa kuibeba.

Wengi huamini kwamba mtandao wa simu ukikatika, kama ukatikavyo mtu aingiapo ndani ya hifadhi, simu hupotewa na mahali ilipo. Sivyo. Satelaiti za GPS, ambazo huizunguka dunia kwa urefu wa kilomita zipatazo 20,200, hutangaza bila kukoma saa yao na mahali zilipo, na simu haizipelekei neno lolote. Husikiliza tu, ikalinganisha wakati wa kutoka na wakati wa kufika wa mawimbi ya satelaiti nne au zaidi, ikatambua ilipo. Mawimbi hayo hukata takriban mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo saa ya satelaiti ikikosea kwa kiasi hicho kidogo tu, gari lililo karibu na maji pale Lamadi laweza kuonekana limo ziwani. Usahihi wake hutegemea hata hikima ya Einstein, aliyetabiri kwamba saa zilizo juu huko na zendazo kwa kasi ile hazitakwenda sawa na za ardhini: tofauti hufikia sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, na lau isingalisahihishwa, kosa lingalizidi kilomita kumi kwa siku moja. Kinachokosekana mtandao ukikatika ni ramani yenyewe, na huyo aliyeipakua simuni mapema, angali na mtandao, hatapungukiwa na kitu.

Walakini ramani nayo haishuki kutoka mbinguni, na hapa ndipo penye jambo ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko vioo vyote. Mwaka 2004 Mwingereza Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote huweza kuichora na yeyote huweza kuitumia bila malipo; na mwaka 2015 ukaanzishwa mradi wa Crowd2Map, ambao kwa njia yake watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali huchora nyumba na njia za vijiji vya Tanzania kwa kutazama picha za satelaiti, na wenyeji, kwa simu zao, wakaongeza majina ya vijiji, shule na zahanati, mambo ambayo hakuna satelaiti iwezayo kuyaona. Msukumo wake ulitoka jirani kabisa na Lamadi, katika mkoa wa Mara, ambako shirika la Hope for Girls and Women, linaloongozwa na Rhobi Samwelly, huwahifadhi wasichana wakimbiao ukeketaji katika nyumba za Mugumu na Butiama. Msichana akiomba msaada usiku wa manane kutoka kijiji ambacho ramani za zamani hazikukiandika, gari la kumfuata lilikuwa likitangatanga gizani na muda ukapita. Sasa dereva huiongoza safari yake kwa ramani iliyopakuliwa simuni. Simfahamu mtu awezaye kusoma habari hiyo kisha akauita uchoraji wa njia za vijijini mchezo wa wenye nafasi.

Limebaki jicho. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde, kwa hiyo dereva akitazama kioo sekunde mbili, amekwenda mita 44 bila kuona. Na katika njia ya Lamadi mita 44 hutosha bodaboda kuchomoza kutoka uchochoroni, kundi la ng'ombe wa Wasukuma kuvuka, au nyumbu kutoka upande wa Ndabaka. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, ilishauri mtazamo mmoja usizidi sekunde hizo mbili, na jumla ya mitazamo katika kazi moja isizidi sekunde 12. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na maabara ya TRL, uliotolewa mwaka 2020, ulionyesha kwamba madereva waliogusa kioo chenye CarPlay walichelewa kuitikia jambo la ghafula kwa asilimia 57, na wa Android Auto kwa asilimia 53, ilhali kiwango cha ulevi kinachoruhusiwa na sheria ya nchi hiyo huchelewesha kwa asilimia 12 tu. Na waliotumia sauti badala ya kidole walipata nafuu, lakini hawakusalimika, kwani walichelewa kwa asilimia 36 na 30.

Waundaji wa mifumo hii wanalijua hilo, na sehemu kubwa ya ustadi wao imo katika yale wanayoyazuia: gari likiwa mwendoni video hazichezi, kuandika kwa vidole hufungwa, orodha ndefu hukatwa zikawa fupi. Redio nyingi zinazouzwa madukani nazo zina kinga ya namna hiyo, uzi mmoja mwembamba unaopaswa kuunganishwa na hendibreki ili picha za muziki zionekane gari likiwa limesimama tu. Fundi, ama kwa kuombwa ama kwa mazoea, huukata uzi huo akaufunga kwenye bodi ya gari, na tangu hapo redio huamini kwamba hendibreki imevutwa daima, hata pale basi dogo lenye abiria kumi na wanne linapopita njia panda ya Lamadi kwa kasi huku mwimbaji akicheza mbele ya macho ya dereva. Kuurudisha uzi huo mahali pake ni kazi ya dakika chache, na mwenye gari ana haki ya kumwambia fundi aifanye wakati uso wa dashibodi ungali umefunguliwa.