Utambuzi wa Chanzo cha Milio Mipya Baada ya Kubadilishwa kwa Suspensheni ya Mbele ya Pikapu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna ya kutambua chanzo cha milio inayojitokeza katika pikapu mara baada ya suspensheni yake ya mbele kubadilishwa. Mfano unaotumika ni Toyota Hilux ya kizazi cha saba, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004 na ambayo ingali ikionekana kwa wingi katika barabara za Afrika Mashariki. Katika Hilux za kizazi hicho zinazoendeshwa kwa magurudumu yote manne, kila gurudumu la mbele hushikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini; springi huizunguka shokapu; na stabilaiza huunganisha upande wa kulia na wa kushoto kwa linki fupi. Mengi yanayoelezwa yanazihusu pia pikapu nyingine zenye muundo huo, na pale muundo unapotofautiana, tofauti hiyo imeoneshwa.

Hali inayochunguzwa ni ya kawaida. Gari hupelekwa gereji kwa sababu shokapu zinavuja mafuta na bushi zimechanika. Vifaa vipya hufungwa, na siku ya pili gari hugonga mahali ambapo halikuwa likigonga. Mwenye gari huamini kuwa ameuziwa vifaa bandia. Fundi humjibu kuwa vifaa vitazoeana. Kauli zote mbili ni makisio, na kila moja ina gharama yake. Anayefuata ya kwanza hununua shokapu nyingine na mlio hubaki palepale. Anayefuata ya pili huenda akaendesha gari lenye abiria nyuma ilhali nati ya boljointi imelegea.

Makala haya yanashikilia kuwa mlio wa aina hii aghalabu hutokana na moja kati ya mambo mawili: namna kifaa kipya kilivyofungwa, au kifaa cha zamani kilichoachwa mahali pake na ambacho ulegevu wake ulikuwa umefichwa na uchakavu wa vile vilivyoondolewa. Shokapu iliyochoka husukuma kwa nguvu ndogo. Shokapu mpya hupeleka nguvu kubwa zaidi kwenye bushi na viungo vinavyoishikilia, hivyo bushi iliyokuwa ikinyamaza huanza kugonga. Kifaa kipya kuwa kibovu tangu dukani ni jambo la tatu. Hutokea, lakini ndilo linalofaa kuthibitishwa mwisho, kwa kuwa kulithibitisha kunahitaji kukifungua tena kila kitu.

2.0 Jina la Mlio na Wakati wa Mlio

Kiswahili kina hazina kubwa ya tanakali za sauti, na madereva huitumia vyema: gari hugonga ngo-ngo, hulia kwi-kwi kama bawaba kavu, hukwaruza, huvuma. Tanakali hizi zina thamani kwa kuwa hutenganisha chuma kinachopigana na chuma, mpira unaosuguana, na kitu kinachozunguka. Hata hivyo, kitenzi chenye matumizi mapana kuliko vyote, kulia, hakitenganishi chochote: mtoto hulia, ngoma hulia, na gari nalo hulia. Zaidi ya hayo, chasisi ya chuma husafirisha sauti mbali na asili yake, hata mgongo wa linki ya kushoto ukasikika chini ya miguu ya dereva aliyeketi kulia.

Kwa sababu hiyo, swali la "mlio unatokea lini?" hutoa ushahidi wa kutegemewa kuliko swali la "mlio ukoje?" Dereva anaweza kukosea kuuelezea mlio, lakini ni nadra akosee kuhusu iwapo hutokea anapokanyaga breki, anapokata kona, au anapopita tuta.

Jaribio la tuta ndilo rahisi kuliko yote. Gari hupitishwa polepole juu ya tuta linalokatiza barabara nzima, magurudumu yote mawili ya mbele yakipanda kwa pamoja. Kisha hupitishwa mahali ambapo gurudumu moja tu litapanda. Magurudumu yanapopanda pamoja stabilaiza haisokotwi, bali huzunguka tu katika bushi zake, na linki hubeba nguvu ndogo. Gurudumu moja linapopanda peke yake, stabilaiza husokotwa na linki huvutwa. Mlio unaosikika katika hali ya pili na kupotea katika ile ya kwanza huelekeza kwenye stabilaiza, linki zake au bushi zake. Ukisikika katika hali zote mbili kwa kiasi kilekile, shaka huhamia kwenye shokapu, hususan mshikizo wake wa juu.

Kugonga mara moja breki inapokanyagwa, kisha mara moja tena gari linapoondoka, huonesha kitu kinachosogea mbele na nyuma: mkono wa chini katika bolti zake, au bolti za kalipa ya breki. Mlio unaojirudia kwa mpigo sawa hupimwa kwa hesabu. Tairi la ukubwa wa 265/65R17 lina mzingo wa takriban mita 2.4, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa huzunguka karibu mara 23 katika sekunde 10. Anayehesabu mipigo 23 anasikiliza kitu kinachozunguka na gurudumu. Anayehesabu zaidi ya mara tatu ya hapo anasikiliza propela shafti, na suspensheni mpya haina hatia.

3.0 Bushi Zilizokazwa Gari Likining'inia

Kosa hili ni la kawaida sana, na halionekani kwa macho. Bushi ya mkono wa suspensheni ni mpira ulioshikana na bomba mbili za chuma, moja ndani na moja nje. Bomba la nje hukaa katika mkono. La ndani hubanwa na bolti kwenye chasisi. Bolti ikishakazwa, bomba la ndani halizunguki tena. Mkono unapopanda na kushuka, kinachojongea ni mpira wenyewe, unaosokotwa upande huu na upande ule. Fundi asiyejua hili hudhani kuwa bushi huzunguka kama beringi, na hapo ndipo kosa linapozaliwa.

Gari likiwa limeinuliwa, mikono huning'inia chini kabisa. Bolti zikikazwa katika hali hiyo, mpira huwa umetulia gari likiwa hewani. Gari likishushwa, mikono hupanda na mpira husokotwa kabla gari halijasogea hata hatua moja. Matokeo yake huonekana kwa namna kadhaa: mbele ya gari hubaki juu kidogo kuliko inavyostahili, mpira hulia kila gari linapotikisika, na baada ya muda mpira huachana na bomba lake. Hapo mlio hugeuka kutoka kulia na kuwa kugonga. Bushi mpya, tena ya asili, inaweza kuharibiwa hivyo kwa spana peke yake.

Uchunguzi wake hauhitaji kifaa cha gharama. Maji yenye sabuni hunyunyizwa kwenye bushi moja, na gari hutikiswa kwa kusukumwa chini kwenye pembe ya mbele. Mlio ukibadilika au ukinyamaza, chanzo kimepatikana. Usipobadilika, bushi inayofuata hunyunyizwa. Kunyunyiza zote kwa mpigo huondoa mlio na ushahidi kwa pamoja. Oili ya injini na grisi ya kawaida hazifai kwa kazi hii kwa kuwa hulainisha na kuvimbisha mpira. Bushi za polyurethane ni suala jingine: nyingi hazishikani na bomba, huteleza kweli, na huhitaji grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili yake. Zikifungwa kavu zitalia, hata kama kila kitu kingine kimefanywa sawasawa.

Tiba ni kuzilegeza bolti zote za mikono, kulishusha gari likae juu ya magurudumu yake, kulitikisa ili litulie, kisha kuzikaza kwa mkazo ulioandikwa katika kitabu cha gari. Pale ambapo haiwezekani kuzifikia gari likiwa chini, jeki huwekwa chini ya mkono na kuinuliwa hadi mkono ufikie kimo chake cha kawaida.

Katika Hilux inayozungumziwa, bolti za mkono wa chini zina jambo la ziada. Zina vichwa vya mviringo usio sawa vinavyotumika kurekebisha alainimenti, hivyo hulegezwa mara mbili: na fundi wa suspensheni, kisha na fundi wa alainimenti. Huyu wa pili akisahau kuzikaza, gari hugonga kwenye breki na usukani huvuta upande mmoja siku chache baada ya kunyooshwa. Lawama humwangukia fundi wa kwanza. Mstari wa rangi unaochorwa kupitia kichwa cha bolti hadi kwenye chasisi humaliza ubishi huo: mstari ukikatika, bolti imezunguka.

4.0 Sehemu ya Juu ya Shokapu

Shokapu hufungwa juu kwa nati kadhaa zinazoshika sahani kwenye chasisi, na kwa nati moja ya katikati inayoshika fito ya shokapu. Nati ya katikati ndiyo husababisha usumbufu, kwa kuwa fito huzunguka nayo na fundi hudhani imefika. Dalili yake ni ngo-ngo ndogondogo kwenye barabara ya kokoto, huku gari likiwa kimya kwenye matuta makubwa. Washa na raba za juu zikipangwa kinyume, chuma hukutana na chuma na mlio huwa uleule. Ncha ya springi nayo ina ngazi yake katika kikalio; isipokaa hapo, springi hujivuta na kuruka kwa mlio mkali usukani unapokatwa au gurudumu linaposhuka ghafla shimoni.

5.0 Boljointi

Milio iliyotajwa hadi hapa huudhi na hugharimu. Mlio wa boljointi unaweza kuua, kwa kuwa boljointi ya chini ikiachana gurudumu hulala na gari hukosa usukani. Mwaka 2005 Toyota iliyaita magari yake nchini Marekani, zikiwamo pikapu za Tacoma na Tundra za miaka ya mwanzo ya 2000, kwa ajili ya boljointi za chini. Katika muundo wa Tacoma hizo, uzito wa gari huivuta boljointi itoke katika kikombe chake badala ya kuibana ndani. Boljointi ya namna hiyo ikichakaa haina kitu kingine cha kuizuia.

Namna ya kuinua gari huamua kama ulegevu utaonekana. Katika pikapu ambazo mkono wa chini husukumwa na toshenibaa, yaani chuma kirefu kinachosokotwa badala ya springi, jeki ikiwekwa kwenye chasisi toshenibaa husukuma mkono chini na boljointi hubaki imebanwa. Hata iliyokwisha huonekana nzima. Jeki inapaswa kuwekwa chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu, kisha mtaimbo uinue tairi kutoka chini huku mtu wa pili akiwa ameshika kiungo. Mkono hutambua mchezo mdogo ambao sikio halisikii. Stendi imara ni sharti katika kazi yote hii. Jeki peke yake haitoshi.

Boljointi mpya nayo inaweza kulegea pasipo nati yake kuzunguka hata kidogo. Shina lake ni la mchongoko na hukaa katika tundu la mchongoko. Kutu au mchanga uliobaki katika tundu huzuia shina kufika mwisho; baada ya kilomita chache uchafu husagika, shina hupanda, na mkazo wa nati hupotea. Kwa hiyo tundu husafishwa hadi chuma king'ae na hufungwa kavu. Pini ya nati ikikosa kulingana na tundu lake, nati husogezwa mbele hadi ilingane. Kuirudisha nyuma ni kuilegeza.

6.0 Milio Isiyohusu Suspensheni

Kubadilisha suspensheni hulazimu kugusa vitu vingi vinavyoizunguka. Bati la vumbi nyuma ya diski ya breki hupindwa kwa kiwiko tu, kisha hukwaruza kwa mpigo wa gurudumu. Waya na paipu za breki zisiporudishwa katika vishikizo vyake hupiga mkono. Nyundo iliyotumika kutenganisha boljointi huweza kuacha alama ndani ya beringi, na mvumo wake huongezeka gari linapoyumbishwa: ukizidi usukani unapokatwa kushoto, uzito umehamia kulia, na beringi ya kulia ndiyo hushukiwa. Gari lililoinuliwa kwa springi ndefu huzikunja zaidi shafti za magurudumu ya mbele, nazo hulia tiki-tiki kwenye kona. Pia shokapu isiyolingana na springi hizo hufika mwisho wa urefu wake na kugonga gurudumu linaposhuka.

Kila rekebisho hufanywa peke yake, kisha gari hurudishwa kwenye tuta lilelile, kwa mwendo uleule na mzigo uleule. Linki za stabilaiza zinaweza kuondolewa zote mbili kwa safari fupi ya polepole ili kuona kama mlio unatoweka. Kuondoa moja tu hakuthibitishi kitu, na kutikisa linki gurudumu moja likiwa juu huficha ulegevu kwa sababu stabilaiza huwa imesokotwa. Shokapu mpya hurudishwa dukani pale tu mlio unapoifuata kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine.