Ukiwasha AC Kisii gari likatetemeka, usikimbilie kufungua injini

Unaijua mvua ya Kisii. Saa nane jua linawaka, saa tisa uko kwenye foleni pale Daraja Mbili, kioo kimejaa ukungu na bodaboda aliye mbele yako humwoni. Unawasha AC ili kioo kikauke. Tak! Sauti ya injini inashuka, gari linatetemeka kama mtu mwenye malaria. Siku mbaya linazima kabisa, na matatu ya nyuma inaanza kukupigia honi.

Hayo yalinipata nikiendesha Vitz ya mjomba wangu, iliyokuwa ikinipa doh ya kodi baada ya kuacha chuo. Fundi wa kwanza alichomeka geji ya vakyumu, akatikisa kichwa. "Kijana, hii injini imeisha. Inafaa isome 20, inasoma 14. Tafuta elfu sitini." Manze, nilikaribia kulia.

Hebu tuelewane. Injini ya petroli hunyonya hewa jinsi wewe unavyonyonya soda kwa mrija. Usipokanyaga mafuta, kijilango cha hewa kinakaribia kufungwa. Pistoni zinavuta, hewa haiji ya kutosha, na ndani kunabaki ule mvuto unaoitwa vakyumu. Gari likiwa limesimama, injini huzunguka mara 700 hivi kwa dakika, na nguvu yake ni ndogo. Ukiwasha AC, kompresa inabebwa na injini hiyo hiyo kupitia mkanda. Ili isizime, kompyuta ya gari huruhusu hewa zaidi na kuongeza petroli. Hewa ikiongezeka, vakyumu hushuka kidogo. Hiyo si hitilafu. Injini nzima hushtuka kwa sekunde moja, kisha hutulia.

Na ile 20? Hiyo ni inchi za zebaki, kipimo cha kule baharini. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na vilele vya Nyamira vinapita mita 2,000. Hewa huku ni nyepesi, kwa hivyo geji hupungua karibu inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Injini inayosoma 20 Mombasa itasoma 14 au 15 Kisii, na haina shida yoyote.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa Nyamira, hakutaja injini mpya. Alifungua bomba la hewa akaniita, "Njoo uone, mwanangu." Kijilango kilikuwa cheusi tii kwa masizi. Kompyuta ilikuwa ikiomba hewa, lakini njia imezibwa. Alikisafisha kwa dawa ya kupuliza na kitambaa, nikalipa Sh2,500. AC ikawashwa, gari likatulia.

Usipuuze dalili hii, kwa sababu vakyumu hiyo hiyo ndiyo inayosaidia mguu wako kwenye breki. Wengi wetu tukishuka milima ya Manga tunaweka nyutro eti tunaokoa mafuta. Buda, wacha. Ukishuka na gia bila kukanyaga mafuta, vakyumu huwa nyingi sana, na magari mengi ya kisasa hukata petroli kabisa. Ukiwa nyutro, AC imewaka na injini ni gonjwa, inaweza kuzima mteremkoni. Hapo utapata breki mara mbili tatu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito.

Kwa hivyo kabla ya kukopa, jaribu hivi: simamisha gari, washa AC, usikilize. Likishtuka kisha litulie, endelea na safari. Likiendelea kutetemeka, omba fundi aangalie kijilango cha hewa, plagi, na mipira ya vakyumu kama imepasuka. Akikutajia 20, muulize kama anajua uko mita ngapi juu ya bahari.