Ghorofa moja, miezi minne bila salamu

Tulihamia Upanga ili tuwe karibu na kazi. Tukakuta ukuta ambao hauonekani kwa macho, na baadaye nikagundua kuwa upande mmoja nilikuwa naushikilia mimi mwenyewe.

“Dada, unafanya kazi kwa nani?”

Nilikuwa nimesimama mbele ya lifti, mkononi mfuko wa nyanya na mchicha kutoka soko la Kisutu, miguuni ndala. Aliyeniuliza ni mlinzi wa getini, kijana mweusi kama mimi. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anatimiza kazi yake. Nikamjibu, “Sifanyi kazi kwa mtu. Naishi hapa, ghorofa ya tano.” Akacheka akidhani natania. Ikabidi nitoe funguo.

Nilipofika juu nililia. Mume wangu aliporudi jioni alinikuta nimenuna, jiko limepoa. Nilipomsimulia, akarusha mkoba wake kwenye kochi na kusema maneno ambayo tungeyarudia karibu kila wiki kwa miezi minne: “Si nilikwambia? Tungebaki zetu Tabata.”

Mpenzi msomaji, kama umewahi kuhamia mahali ambapo kila ukipita unaonekana mgeni, unajua ninachozungumzia. Hakuna anayekutukana. Hakuna anayekufukuza. Ila unajikuta unavaa vizuri hata kwenda kutupa taka, ili mtu asije akakuuliza tena.

Familia, lakini si yenu

Kupata nyumba yenyewe kulikuwa kisanga. Tulikuwa tumeoana miaka mitatu, tuna binti mmoja, na foleni ya kwenda na kurudi mjini ilikuwa inatumaliza. Dalali wa kwanza alituonyesha fleti nzuri yenye baraza. Kesho yake akapiga simu: “Dada, wenyewe wanataka familia.” Nikamuuliza, “Kwani sisi si familia?” Akakohoa. “Namaanisha familia… zao.”

Ya pili hawakusema neno kuhusu sisi ni nani. Walisema tu kodi ni ya mwaka mzima, kwa mkupuo, na wiki ile ile. Tulikopa kwenye chama cha akina mama kazini, mume wangu akauza kiwanja kidogo alichonunua kabla hatujaoana. Kwa hiyo alipokuwa anasema “tungebaki Tabata”, nilijua anazungumzia na kile kiwanja. Ugomvi wetu ulianza kwa majirani ukaishia kwenye pesa, kama ugomvi mwingi wa ndoa unavyoishia.

Ghorofa yetu ina fleti kumi na sita. Kati ya hizo, kumi na nne wanaishi watu ambao mimi na wewe tunawaita “Wahindi”, tukamaliza. Asubuhi lifti inafunguka, unaingia, mwenzako anaangalia simu, wewe unaangalia namba za ghorofa zinavyoshuka. Nne, tatu, mbili, moja. Kwaheri hakuna.

Nilikuwa nawasimulia mashosti zangu kazini: “Wale watu wana roho ngumu, hawasalimii.” Wote walitikisa kichwa. Kila mmoja alikuwa na kisa chake.

Mji uliochorwa kwa rula

Siku moja niliamua kusoma kuhusu mtaa wangu, nikaelewa kwamba ukimya wa kwenye lifti ni mkubwa kuliko mimi.

Wajerumani walianza kutoa kanuni za ujenzi za Dar es Salaam mwaka 1891, na Waingereza waliowafuata wakaugawa mji katika maeneo matatu. Watu wakayaita kwa majina wanayoyajua: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kilichonishangaza ni kwamba kanuni hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya nyumba. Hapa patajengwa nyumba za mtindo wa Ulaya, pale nyumba za biashara na makazi za matofali, kule vibanda vya miti na udongo. Ukishaweka sharti la nyumba, na unajua nani ana uwezo gani, huna haja ya kuandika “Mwafrika haruhusiwi”.

Miaka ya 1920 eneo la Mnazi Mmoja likaachwa wazi, liwe mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo, mtaa wa Waafrika uliopata jina lake kutokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Leo watu wanapumzika pale na watoto wao bila kujua kwamba wamekaa juu ya mpaka. Oysterbay ikawa ya maofisa wa kizungu. Upanga ikajengwa kwa wingi baada ya Vita ya Pili ya Dunia, hasa kwa familia za Kihindi zilizokuwa zimebanana mjini. Shule kama Azania na Tambaza zilianza kama shule za watoto wa Kihindi.

Uhuru ulipokaribia, likaja swali: raia ni nani? Mwaka 1961 baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Mwalimu Nyerere akakataa katakata kuujenga uraia juu ya rangi ya ngozi. Hata hivyo TANU yenyewe haikufungua milango ya uanachama kwa watu wa rangi zote mpaka 1963. Amir Jamal akaja kuwa Waziri wa Fedha kwa miaka mingi.

Halafu ikaja 1971. Sheria ya kutaifisha majumba ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Sheria hii nayo haikutaja rangi, lakini wengi wa waliokuwa na majumba ya aina hiyo walikuwa Wahindi. Maelfu wakafungasha. Waafrika wakaanza kupata fleti Upanga na katikati ya mji, na mwaka 1990 nyumba za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mistari ilifutwa kwenye karatasi. Kwenye lifti, bado.

Mama alipokuja kutoka Nzega

Mwezi wa nne mama yangu mzazi alikuja kututembelea. Alipanda basi kutoka Nzega na gunia la karanga na kuku wawili, na ndivyo tulivyoingia kwenye lifti: mimi, mama, gunia na kuku. Ghorofa ya pili lifti ikasimama. Akaingia yule bibi wa Kihindi wa ghorofa ya sita, mwenye miwani mikubwa na shali nyeupe. Nikasema moyoni, haya sasa, leo tutasikia.

Bibi akaangalia kuku. Akaangalia gunia. Halafu akamwangalia mama na kusema, “Mwangaluka.”

Mama aliachia mfuko. “Mwangaluka, mayo!” Wakaanza. Kinyamwezi kikamwagika mpaka ghorofa ya sita, tukapita yetu, mlango ukafunguka na kufunga mara mbili, wao hawana habari. Mimi nilikuwa natazama tu. Nimezaliwa na kukulia Temeke. Kinyamwezi cha baba na mama yangu naambulia salamu na majina ya vyakula.

Kumbe bibi amezaliwa Nzega. Baba yake alikuwa na duka huko, ananunua karanga na asali, anauza chumvi na kaniki. Mama akalikumbuka lile duka! Aliwahi kutumwa pale na marehemu bibi yangu kununua mafuta ya taa.

Swali ambalo nilikuwa nimelibeba miezi minne, la “hawa wametoka wapi?”, lilikufa hapo hapo. Bibi ametoka nyumbani kwetu.

Chai ya iliki na maneno magumu

Jioni ile alituita kunywa chai. Sebule imejaa picha za wajukuu. Mdogo wake na watoto wake wawili wako Toronto. Nyumba ya baba yake hapa mjini ilikuwa mojawapo ya zile za 1971, na kwa miaka mingi aliishi humo humo kama mpangaji. “Wengine waliondoka,” alisema. “Mimi niende wapi? Baridi ile siiwezi.”

Baada ya kikombe cha pili nikajipa moyo. “Mama, samahani, naomba nikuulize. Mbona watu wa humu hamtusalimii?”

Akaniangalia juu ya miwani. “Wewe una miaka mingapi?”

“Thelathini na moja.”

“Mimi sabini na nane. Nani anapaswa kumwamkia mwenzake?”

Nilisikia masikio yanawaka. Mama yangu alikuwa ananitazama vile alivyokuwa ananitazama nikiwa darasa la tatu. Kila siku nilikuwa namwamkia mzee anayefagia ngazi. Muuza matunda wa kona ya mtaa, shikamoo. Lakini huyu bibi, mwenye umri wa kumzaa mama yangu, sikuwahi kumpa shikamoo hata moja. Sikumwona kama mkubwa wangu. Nilimwona kama Mhindi.

“Miaka ya tisini,” akaendelea, “watu walisimama majukwaani wakatuita magabacholi. Mtu akiingia kwenye lifti kimya, mimi nadhani na yeye ananiita hivyo moyoni.”

Sitaki kukudanganya kwamba yote yaliishia kwa kukumbatiana. Nilipokwenda jikoni kusaidia vyombo, niliona kikombe cha plastiki cha dada wa kazi, kimewekwa peke yake chini ya sinki, mbali na vikombe vingine. Nikauliza ni cha nani. Bibi akanyamaza. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, “Ndivyo tulivyokuta.” Nikataka kumhubiria. Halafu nikakumbuka kwamba binti anayenisaidia mimi anakula jikoni wakati sisi tuko mezani. Na nikakumbuka lile swali la mlinzi. Kilichoniliza siku ile kilikuwa nini hasa? Ni kudhaniwa mgeni, au ni kudhaniwa hausigeli?

Usiku huo mimi na mume wangu hatukugombana. Tuliongea mpaka saa saba, kwa mara ya kwanza bila kutaja kiwanja.

Salamu peke yake haitoshi

Wiki mbili baadaye maji yalikatwa kutwa nzima, tangi linasafishwa. Kila fleti ilikuwa imejaza ndoo, isipokuwa mbili: yetu na ya mpangaji mwingine Mwafrika. Taarifa ilikuwa imepita kwenye kundi la simu ambalo sisi hatumo, tena kwa Kigujarati.

Zamani ningenuna. Safari hii nilipanda ghorofa ya sita, “Shikamoo mama”, nikamweleza. Akavaa shali yake, tukashuka pamoja kwa mwenyekiti wa kamati ya jengo. Mume wangu naye akaja. Hakukuwa na kelele. Tulisema mambo mawili: tunalipa mchango wa ulinzi na maji sawa na wengine, na lugha ya nchi hii ni Kiswahili. Mwenyekiti alianza kujitetea kwamba “ni mazoea tu”. Bibi akamkata: “Hata mlinzi anayefungulia maji hasomi Kigujarati.”

Sasa pale chini kuna ubao wa matangazo, kwa Kiswahili. Sisi tuko kwenye kundi. Mume wangu yuko kwenye kamati, na analalamikia vikao virefu kama mume mwingine yeyote. Fleti ya ghorofa ya pili ilipobaki tupu, dalali alileta lile neno lake, “familia”. Mume wangu akamuuliza mbele ya kamati nzima: familia gani? Wapo walionuna, na mpaka leo wengine wananisalimia kwa kidevu tu. Nami nawaamkia wakubwa wote, wakiitikia wasiitikie.

Binti yetu anapanda kwa bibi kila Jumamosi kula bajia. Anamwita Nani, kama wajukuu wa Toronto wanavyomwita. Ndilo neno la Kigujarati la bibi mzaa mama. Juzi aliajiriwa mlinzi mpya. Akamsimamisha mtoto kwenye lifti: “Wewe, unakwenda kwa nani?”

“Ndiyo,” akamjibu. “Kwa Nani.”

UKIHAMIA MTAA USIO WA “WATU WAKO”

1. Salimia kwanza, hasa aliyekuzidi umri. Usingoje kupimwa, na usipime.

2. Jua majina. Ismailia, Bohora, Ithnaasheri, Baniani, Goa na Singasinga si kitu kimoja, kama vile Mchaga si Mmakonde.

3. Ulizia kamati ya jengo au mtaa siku ya kwanza. Maamuzi ya maji, taka na ulinzi yanafanyika huko, na asiyekuwepo husahaulika.

4. Ukionewa, sema mapema na kwa mfano halisi. “Sikupewa taarifa ya maji” ina nguvu kuliko “ninyi ni wabaguzi”.

5. Malizeni ya ndani kwanza. Kama mnagombania kodi, msiwasingizie majirani.