Vitamini C ya Usoni: Tazama Rangi Kabla ya Kulipa

Seramu ya vitamini C haichubui ngozi. Naanza na hilo kwa sababu katika maduka mengi ya vipodozi, Kariakoo na kwingineko, chupa zake hupangwa rafu moja na krimu za kujichubua, na mteja huondoka akiamini amepata mkorogo usio na madhara. Wiki tatu zikipita rangi yake haijabadilika, humwona muuzaji tapeli na kuirudia krimu yenye zebaki au haidrokwinoni. Kumbe alichokiacha kilikuwa bora kuliko weupe aliokuwa akiutafuta: ngozi yenye rangi moja, isiyo na madoa.

Ngozi nyeusi ina tabia yake. Chunusi ikipona, kidonda kikifunga, hata wembe ukikwaruza shingo, hubaki doa jeusi linaloweza kukaa miezi kadhaa. Uvimbe huzichokoza seli zinazotengeneza melanini, nazo zikamwaga rangi kupita kiasi mahali pale pale. Melanini hiyo hutengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho tirosinasi, ambacho hakifanyi kazi bila madini ya shaba. Vitamini C huingilia kwenye hiyo shaba, kimeng'enya kikapunguza kasi, doa likafifia kidogo kidogo huku ngozi inayolizunguka ikibaki na rangi yake ya kuzaliwa. Isitoshe, huzima chembe haribifu ambazo jua huzizalisha ndani ya ngozi, na huusaidia mwili kutengeneza kolajeni, protini inayoishikilia ngozi isilegee.

Nguvu yake ina mpaka, na ni haki msomaji aujue. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti mdogo uliofanywa Mexico kwa wanawake 16 wenye melasma, yale mabaka ya kahawia ya mashavuni na kwenye paji la uso yanayowapata wengi wakati wa ujauzito. Upande mmoja wa uso walipaka vitamini C ya asilimia 5, upande wa pili haidrokwinoni ya asilimia 4, kwa wiki 16. Haidrokwinoni iliwafaa 15 kati yao, vitamini C iliwafaa 10. Lakini upande wa haidrokwinoni ngozi iliwawasha au kuwasumbua 11, na upande wa vitamini C mmoja tu. Mimi kwa mtu anayejipaka mwenyewe nyumbani, bila daktari wa kumwangalia, ningechagua vitamini C bila kusita.

Je, kula matunda hakutoshi? Kuleni, tena sana: pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na ubuyu nao ni hazina. Ila damu ikishajaa kiasi chake, figo hutoa ziada kwenye mkojo, na ngozi haipati tena zaidi ya mgawo wake. Ndiyo maana ya kupaka. Ninachowasihi msipake ni limau au ndimu. Maji ya limau yana vitamini C isiyofika hata asilimia 0.1, wakati seramu nzuri huwa na asilimia 10 hadi 20. Yanachozidisha ni ukali wa asidi, na ndimu ina kemikali ziitwazo furanokumarini ambazo zikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha michirizi myeusi. Mtu hupaka ndimu kuondoa doa, akajiongezea mengine.

Sasa tuje kwenye chupa yenyewe, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Sheldon Pinnell, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alionyesha na wenzake mwaka 2001 kwamba vitamini C halisi hupenya ngozi ikiwa tu pH ya seramu iko chini ya 3.5, na kwamba kupita asilimia 20 hakuongezi kitu. Walikuta pia kwamba nusu ya kilichoingia huwa bado kimo ndani ya ngozi baada ya siku nne hivi. Kwa hiyo hakuna sababu ya kupaka mara tatu kwa siku, wala kuogopa ukisahau asubuhi moja. Mwaka 2005 walitoa matokeo mengine: asilimia 15 ya vitamini C ikiunganishwa na asilimia 1 ya vitamini E hukinga ngozi dhidi ya jua, na wakiongeza asidi ya feruliki kinga hiyo huongezeka maradufu na dawa hukawia kuharibika.

Kuharibika ndio ugonjwa mkubwa wa seramu hii. Hewa, mwanga na joto huila, na joto la Dar es Salaam au Mombasa halisamehe. Kabla ya kulipa, omba kudondoshewa tone moja kwenye karatasi nyeupe ya shashi. Likiwa angavu au na unjano wa mbali, sawa. Likiwa na rangi ya chai ya rangi, irudishe chupa: vitamini yake imekwisha, na miongoni mwa mabaki yake mna sukari iitwayo erithrulosi, ile ile inayotiwa kwenye losheni za kuwapa Wazungu rangi ya jua. Badala ya kufuta doa, itakupaka jingine. Chagua chupa ndogo, ya kioo cheusi au cha kahawia, ambayo haikusimama dirishani pa duka. Nyumbani iweke kabatini au kwenye friji, kifuniko kikazwe, na ujitahidi kuimaliza ndani ya miezi mitatu.

Kwenye lebo tafuta maneno Ascorbic Acid, tena yawe karibu na mwanzo wa orodha. Wenye ngozi nyepesi kuwashwa waanze na asilimia 5 au 10, au wachukue aina tulivu kama sodium ascorbyl phosphate, ambayo haihitaji ukali wa asidi na huvumiliwa vizuri na wenye chunusi.

Matumizi ni mepesi. Jaribu kwanza tone moja ndani ya mkono na usubiri siku moja. Kisha, asubuhi, nawa uso, ukaushe kabisa, paka matone matatu hadi matano usoni na shingoni ukikwepa macho. Acha dakika chache, kisha mafuta yako ya kulainisha ngozi. Wiki mbili za mwanzo paka siku moja na uache inayofuata. Kuchonyota kidogo ni kawaida. Kuungua na wekundu si kawaida, acha. Dawa ya chunusi yenye benzoili peroksidi huiharibu vitamini C, hivyo ipeleke usiku, na retinoli vilevile ibaki ya usiku.

Mwisho wa yote ni mafuta ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi. Wengi wetu tunadhani hayo ni ya ndugu zetu wenye ualbino peke yao, kwa kuwa ndio tunaosikia wakipewa krimu ya Kilisun inayotengenezwa Moshi. Wao jua huwaletea saratani, na kwao ni suala la uhai. Lakini doa la mtu mweusi nalo hukolezwa na jua hilo hilo, hata na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, kwa hiyo mafuta yenye rangi, yaliyotiwa oksidi ya chuma, hufaa zaidi. Ukipaka seramu asubuhi ukatoka juani bila kinga, vitamini C inafuta na jua linaandika upya.

Ipe wiki 12. Doa lisipofifia, nenda kliniki ya ngozi usiongeze chupa nyingine. Na kama una baka lililopauka au jekundu, ukiligusa kwa pamba huhisi kitu, usilipake chochote: nenda kituo cha afya wiki hii hii. Baka lenye ganzi huweza kuwa ukoma, ambao hupona kabisa, na dawa zake hutolewa bure.