Kuzidisha Hesabu Siku za Sikukuu

Shule zifungwapo kwa likizo, watoto wengi wa Handeni na Korogwe huweka vitabu kando, na hesabu za kuzidisha walizojifunza kwa taabu husahauliwa upesi. Hasara yake si ya darasani tu: asiyejua kuzidisha hupunjwa sokoni auzapo mahindi ya baba yake. Lakini haifai kumfungia mtoto ndani hali wenzake wanacheza. Sikukuu zenyewe zina hesabu tele.

Kwanza ni Idi ya kufungua Ramadhani. Desturi ni kutoa fitri pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani, na pishi moja ni vibaba 4. Basi mpeni mtoto kibaba, apime mwenyewe. Nyumba ya watu 7 hutoa vibaba 28. Ya watu 9 hutoa 36. Hapo ataona kwa macho yake ya kuwa kuzidisha ni kujumlisha namba ile ile mara nyingi, kwa njia ya mkato.

Pili ni Krismasi. Kabla mama hajakanda unga, mtoto aulizwe: sahani 6, kila moja maandazi 5, tukaange mangapi? Akipunguza hesabu, mgeni mmoja atakosa. Kwa hiyo atafikiri vema.

Tatu ni bao, ambalo huchezwa sikukuu zote. Lina safu 4 za mashimo 8, yaani mashimo 32. Ligeuzeni upande: sasa ni safu 8 za mashimo 4, na jumla ni 32 vile vile. Basi ajuaye 4 mara 8 amekwisha kujua 8 mara 4, na karibu nusu ya kazi ya kukariri imeondoka. Katika bao la kujifunza kila shimo hutiwa kete 2, nazo zote ni 64. Pasipo bao, watoto wachimbe mashimo mchangani, watumie kokoto.

Mtoto akikosea asipigwe wala asichekwe. Aambiwe ahesabu kete tena mpaka aone kosa lake. Walimu nao, kabla ya kufunga shule, wamwonyeshe kila mwanafunzi namba inayomshinda, iwe ni 7 au 8, na siku ya kufungua wamwulize hiyo kwanza.

Kidogo kila siku chatosha, kwani haba na haba hujaza kibaba.