Kapu la Vitu: Njia Moja ya Kufunza "His" na "Her" Darasani

Mtoto wa Lubumbashi aanzapo Kiingereza katika shule ya sekondari huwa na lugha mbili tayari: Kiswahili cha nyumbani na mtaani, na Kifaransa cha darasani. Kwa kawaida lugha hizo humsaidia. Lakini katika vimilikishi "his" na "her" zote mbili humpotosha, kila moja kwa namna yake.

Kiswahili hakibagui jinsia ya mwenye kitu. "Kalamu yake" yaweza kuwa ya Yosefu au ya Maria. Kiambishi hufuata ngeli ya kalamu tu. Kifaransa hubagua, ila hutazama jinsia ya jina la kitu: "sa règle" ni rula ya mvulana au ya msichana. Kiingereza humtazama mwenyewe. Ndiyo maana mwanafunzi, akifuata "sa sœur", husema "her sister" hata dada akiwa wa Yosefu.

Kukariri kwa pamoja hakuliondoi kosa hili. Watoto 50 waweza kuitikia "his book, her book" bila kukwama, kwa kuwa hapana hata mmoja anayelazimika kuchagua.

Mchezo wa kapu huwalazimisha. Mwanafunzi mmoja hutoka nje. Mwalimu hukusanya vitu kutoka kwa mvulana mmoja na msichana mmoja, nao husimama mbele. Aliyetoka hurudi, hutoa kitu kapuni na kubahatisha: "Is it her ruler?" Darasa humjibu: "No, it's his ruler." Akikosea neno, kitu humwendea asiyehusika, na mwenyewe hulalamika mara moja. Uteuzi wa vitu ndio kiini cha mchezo (na hapo walimu wengi hupita haraka): rula na kifutio, ambavyo Kifaransa huvitia katika jinsia ya kike, vitoke kwa mvulana, kalamu ya wino na daftari, "stylo" na "cahier", vitoke kwa msichana.

Kwa wanaoanza kabisa, kusikia kutangulie. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, alipendekeza katika miaka ya 1960 kwamba mwanafunzi atii amri kwa vitendo kabla ya kudaiwa kusema. "Take his pen. Put it on her desk": mikono huonyesha nani ameelewa. Darasa likiwa kubwa, kila safu ya madawati iwe na kapu lake, na mwishoni kila mtoto aandike sentensi tatu juu ya vitu alivyoviona vikitoka.